Mwanangu amenilipia safari ya kikundi kwenda Lisbon, kaka yangu asema naenda kumzuru Vasco da Gama

SWALI

Asalaam aleikum dada,

Mimi ni mama wa miaka 61, mkaazi wa Mombasa huku Mji wa Kale, mwalimu mstaafu. Nimesomesha historia na Kiswahili miaka 31. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka minne sasa, Mola amrehemu, na watoto wangu watatu wote alhamdulillahi washajitegemea.

Binti yangu wa pili yuko Bremen, Ujerumani, ni nesi, ameolewa hukohuko na ana mtoto mdogo. Juzi kati akanipigia wasap ya video akaniambia mama funga macho, nikafunga, kufungua naona karatasi ameishika mbele ya kamera imeandikwa Lisbon. Yaani kumbe ashanilipia dipoziti ya safari ya kikundi, siku saba, mwezi wa kumi, watu ishirini hivi na mwongozaji wao, wanazungushwa makanisa ya zamani, makumbusho, ngome, na jioni wanakula pamoja. Kampuni ni ya Ireland na lugha ni Kiingereza, wengi ni wastaafu kama mimi. Mpango ni nifikie kwake kwanza nikae wiki mbili nimuone mjukuu, halafu niende Lisbon peke yangu nikutane na kikundi kulekule, kisha nirudi kwake siku chache ndio nije nyumbani.

Wallahi nililia. Manake kila mwaka nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Ngomeni (Fort Jesus), tunapita ule mlango mpaka ndani, nawaonyesha ile michoro ya meli waliyochora mabaharia wa Kireno ukutani, nawaambia hawa watu wametoka mji waitwa Lisbon. Mwaka mmoja kijana akaniuliza, "Mwalimu, wewe huko umefika?" Nikamwambia sijafika. Basi lile swali nimekaa nalo miaka yote hiyo.

Sasa shida zangu. Kwanza kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mzee wetu tangu baba afariki, amekasirika kabisa. Anasema pesa hizo si bora niende Umra (Hija nishaenda 2014 na marehemu), na lililoniuma zaidi akasema mbele ya wifi zangu, "Watu wanazuru makaburi ya wazee wao, wewe unakwenda kumzuru Vasco da Gama, walioichoma Mombasa." Nikanyamaza lakini lile neno limenikaa, manake ni kweli kaburi lake liko kwenye ratiba, siku ya tatu.

La pili ni hao watu wenyewe. Sijapata kusafiri na Wazungu, mimi navaa buibui na mtandio, nitakuwa peke yangu hivyo katika watu ishirini siku saba, kula nao, kupanda basi nao. Na nitalala chumba kimoja na mama nisiyemjua, au niongeze yuro 280 nipewe changu peke yangu, na hiyo naona haya kumwambia binti. Nifanyeje na swala, na chakula? Goti langu la kushoto pia si zima, ngazi nikipanda nyingi usiku silali.

Na la mwisho ndilo lanikosesha usingizi kweli. Huyo mwongozaji najua atasema Wareno "walivumbua" pwani yetu, mimi nimesomesha miaka 31 kwamba walitukuta na miji yetu, misikiti yetu, biashara yetu. Ninyamaze kwa sababu mimi ni mgeni na nimelipiwa? Au niseme nionekane mgomvi? Nikinyamaza nitajiona nimewasaliti wale watoto niliokuwa nikiwapeleka Ngomeni.

Mwanangu nataka nimtume kesho ubalozi wa Ureno Nairobi akaniulizie viza, lakini roho bado haijatulia. Nipe shauri dada yangu, niende au niache?

Mwalimu, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam warahmatullah mwalimu wangu, na shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nakujibu moja kwa moja: nenda. Nenda kabisa. Ila uende ukijua unakwenda kuangalia nini, manake ratiba ya kikundi imepangwa na mtu ambaye hakukufikiria wewe, na ukiifuata kama ilivyo utarudi umeona vizuri lakini chako hujakiona.

Kuna kitu kiko Lisbon ambacho huenda hata kwenye ratiba yenu hakimo. Mimi nilikwenda na kikundi kama hicho mwaka 2019, tulikuwa watu 18, na nilikiona kwa sababu tu mchana mmoja tulipewa uhuru wa kwenda tunakotaka. Kuna makumbusho yao ya taifa ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Humo ndani kuna chombo cha kanisani kinaitwa Custódia de Belém, ni dhahabu, kina urefu wa sentimita sabini na kitu, kimechongwa kama mnara mdogo, katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na uso wake na nguo zake za rangi. Watu wanakizunguka wanapiga picha wanaondoka. Mimi niliinama nikaangalia chini, kwenye kitako, maandishi yamezunguka kama ukanda, na nikasoma herufi zile moja moja mpaka nikafika hapa: QILVA. Kilwa, mwalimu. Imeandikwa pale kwamba mfalme Manuel ameamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kimemalizika 1506.

Wewe hadithi yake unaijua kuniliko. Ni Vasco da Gama huyohuyo, safari yake ya pili, 1502, alitia nanga Kilwa akamtisha Amir Ibrahim kwamba atauchoma mji mpaka akatoa mithqali 1,500 za dhahabu, ni kama kilo sita na kitu hivi. Dhahabu iliyokuwa ikitoka bara huko kusini, inapita Sofala, inafika Kilwa kwa mkono wa wafanyabiashara wetu. Ikabebwa mpaka Lisbon, sonara wa mfalme anaitwa Gil Vicente akaifua. Na Kilwa yenyewe walirudi 1505 wakaiteka, mwaka uleule waliochoma Mombasa. Sasa ile dhahabu ipo, unaweza kusimama mbele yake karibu kama ulivyo na meza yako ya kula. Mimi nilisimama pale, sitaki kukudanganya, miguu iliniishia nguvu, nikatafuta benchi nikakaa.

Kwa hiyo kaka yako ukimjibu, mjibu kwa hilo, na mjibu kwa heshima, manake hasira yake si ya bure. Mombasa imechomwa 1505, ikachomwa tena 1528, na mtu wa Mji wa Kale akikasirika kwa jambo la miaka mia tano mimi sioni kosa, ndio maana ya kuwa na mji. Lakini kuzuru ni kumwendea mtu kwa dua na mapenzi, na wewe humwendei hivyo. Nenda kamuone mzee peke yake, si mbele ya wifi, mpeleke kashata au chochote anachopenda, mwambie kaka, mali yetu iko kule na nataka niione kwa macho yangu kabla sijafa. Kisha mwombe akuombee dua ya safari. Mzee akishaombwa dua huwa ni vigumu kuendelea kununa. Na Umra, hiyo pesa si yako ni zawadi ya mtoto, amekupa kwa jambo alilojua tangu mdogo kuwa mama yake analitamani, Umra inshallah itakuja na riziki yake.

Na kaburi lenyewe nakwambia usilikwepe. Liko ndani ya kanisa la Jerónimos kule Belém, ukiingia tu mlangoni, upande mmoja yeye na upande wa pili Camões mshairi wao. Alikufa Kochi, India, 1524, mifupa ndio ikaja kurudishwa. Ingia, simama, tazama. Halafu nyanyua macho utazame jengo, manake lile jengo lilijengwa kwa asilimia 5 ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki, nguzo zimechongwa kamba za meli na mafundo, mawe unadhani yamefumwa, na mbele kabisa kaburi la Manuel mwenyewe limebebwa na ndovu wa marumaru. Ndovu, mwalimu, katikati ya Lisbon. Mtu aliyesomesha pwani miaka 31 atakiona pale kile ambacho wenzake 19 hawakioni.

Sasa tuje kwenye lile linalokukosesha usingizi. Nikueleze yaliyonipata, manake nilikosea na sitaki ukosee. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mzuri, mpole, ana kipaza sauti na sisi kila mmoja kipokeo sikioni, kwa hiyo hata ukiwa mbali unamsikia kama anakunong'oneza. Tukiwa pale mtoni Belém, kwenye lile mnara kubwa la 1960 lenye wanamaji wamepangana, akasema watu wa Afrika Mashariki waliwapokea kwa furaha. Vile tu, kisha akaendelea na mambo mengine. Na mimi sauti ile iko ndani ya sikio langu siwezi hata kugeuka nimwangalie mtu. Nikanyamaza. Nikanyamaza siku nzima, chakula cha mchana hakikupita, watu wanadhani naumwa.

Usiku kwenye chakula mama mmoja wa Kiayalandi mtu mzima tu akaniuliza, wewe kwenu ni wapi hasa? Basi nikamwambia. Nikamwambia Malindi kweli walimpokea Vasco da Gama 1498, lakini ni kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa na ugomvi wao na mfalme wa Malindi alitaka rafiki mwenye mizinga, na Mombasa hawakumpokea hivyo, na Kilwa ikawa vile. Meza nzima ikanyamaza wakasikiliza, nikaongea mpaka chakula kikapoa. Asubuhi yake yule mama ndiye aliyemuuliza mwongozaji swali mbele ya watu, na yule kijana badala ya kukasirika akatoa daftari akaandika, akaniomba nimwandikie majina kwa herufi zake. Hakuwa mtu mbaya, hakuwa amefundishwa.

Kwa hiyo usinyamaze, na pia usingoje umejaa ndio uje upasuke. Muandikie mapema. Mwambie binti atume imeili kwa kampuni sasa hivi, mistari michache, kwamba mama yangu ni mwalimu wa historia kutoka Mombasa, je Custódia de Belém imo kwenye ratiba, na je atapata dakika kumi siku hiyo awaeleze wenzake dhahabu ile ilitoka wapi? Ukifanya hivyo unakuwa umejitambulisha kabla hujafika, na mwongozaji anakuja akijua kuna mtu wa kumuuliza. Waongozaji wengi wanapenda, inawapunguzia kazi. Na siku ya siku akisema "walivumbua", muulize kwa upole palepale, swali moja tu, "Walipofika Mombasa walikuta nini?" Umewauliza wanafunzi maswali ya aina hiyo miaka 31, unajua jinsi swali linavyofanya kazi kuliko hotuba. Lakini hakikisheni kwanza hayo makumbusho yatakuwa wazi mwezi huo, manake huwa wanafunga kwa ukarabati, na hata siku za kawaida Jumatatu yanafungwa, Jerónimos pia Jumatatu hakuingiliki.

Na ikiwa kwenye ratiba hawataki kuongeza, mtapewa mchana mmoja wa uhuru, vikundi karibu vyote vinatoa, uutumie huo. Mtaa wa makumbusho hauko mbali na mjini, chukua teksi. Ukipata nguvu pita pia Rua do Poço dos Negros, maana yake mtaa wa kisima cha watu weusi, unaitwa hivyo kwa sababu mfalme huyohuyo Manuel aliamuru 1515 lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa waliokuwa wakiachwa ovyo. Leo ni mtaa wa mikahawa, watu wanakunywa kahawa. Kuna matembezi maalumu ya historia ya Waafrika pale mjini, yanaongozwa na vijana wenye asili ya Afrika, binti anaweza kukukatia tiketi kwenye intaneti.

Haya, kuhusu hao wenzako ishirini. Buibui lako vaa, watu watakuangalia siku ya kwanza wakati wa kujitambulisha na siku ya pili washazoea, wameshajua ni mwalimu, ni bibi, goti linamuuma kama wao, manake wastaafu wote wana goti. Jaribu tu kila siku ukae na mtu mwingine kwenye basi na kwenye chakula, usijibanze na mmoja. Na wahi. Kwenye kikundi kitu kinachochukiza watu kuliko chochote ni mtu wa kungojwa, ukiambiwa saa tatu wewe kuwa chini saa tatu kasorobo.

Chumba chukua chako. Hapo sina ushauri wa pili. Unaamka alfajiri kuswali, unataka kutawadha, kuvua mtandio, kulia kidogo ukitaka kulia, huwezi kufanya hayo na mtu usiyemjua kitanda cha pili, utarudi umechoka kuliko ulivyokwenda. Hiyo yuro 280 mwambie binti wazi, au uza kitu, au mwombe mtoto wako mwingine achangie, lakini usiipunguze hiyo. Swala una ruhusa zako za msafiri na unazijua, na ukitaka msikiti, upo Msikiti Mkuu wa Lisbon karibu na Praça de Espanha, umefunguliwa 1985.

Chakula utashangaa. Samaki tele. Kuna chewa wao aliyekaushwa kwa chumvi wanamwita bacalhau, wakimroweka na kumpika ukila unajua hawa na sisi wa ng'onda tunaelewana, na wana wali wa pweza, arroz de polvo, ambao nimeula mara tatu kwa siku saba. Cha kuangalia ni supu ya kijani, inaitwa caldo verde, inaonekana ya mboga tu lakini huwa wanatia kipande cha soseji ya nguruwe. Jifunze maneno mawili, "sem porco", yaani bila nguruwe. Na vile vitobosha vya maziwa na mayai vinavyosifiwa, pastel de nata, uliza kwanza kama kuna "banha", hayo ni mafuta ya nguruwe, mahali pengine wanatumia siagi na mahali pengine sivyo. Ukitaka nyama ya halali nenda Martim Moniz, imejaa maduka ya Wabangladeshi na Wahindi. Kikundi kikisimama kuonja pombe ya cheri pale Rossio, wewe nenda hapo jirani kwenye uwanja wa kanisa la São Domingos, utakuta watu wa Guinea-Bissau wamesimama wanapiga soga kama wazee wetu baraza.

Goti sasa. Lisbon ni vilima na barabara zao za miguu ni vijiwe vidogo vyeupe vimesuguliwa na miaka, mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni, na mwezi wa kumi mvua huanza. Alfama, ule mtaa wa zamani, jina lenyewe la Kiarabu, al-hamma, ni vichochoro na ngazi kama Mji wa Kale ukiuinua ukauegemeza kilimani. Usikubali kushindana. Mwambie mwongozaji siku ya kwanza kwamba ngazi ndefu hutapanda, na siku ya ngome ya São Jorge uwatangulie kwa tuktuk. Tuktuk zimejaa Lisbon, ukiiona ya kwanza utafurahi. Tramu namba 28 kila mtu atakwambia uipande, ina wezi wa mifuko, pochi iweke ndani ya buibui.

Lakini viza, mwalimu, hapo simamisha kwanza. Usimtume mtu ubalozi wa Ureno. Viza ya Schengen, yaani ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwa nchi utakayokaa zaidi, na wewe utakaa Ujerumani wiki mbili na zaidi, Lisbon ni siku saba tu, kwa hiyo ombi lako ni la Ujerumani na viza ikitoka inakufikisha Lisbon vilevile. Ukiomba Ureno wakaona mpango wako wanaweza kukurudisha, umepoteza muda na ada, ambayo kwa mtu mzima ni yuro 90. Binti aende ofisi ya wageni mjini kwao achukue ile barua rasmi ya kubeba gharama zako, Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, usije na barua ya kuandika mkono tu. Bima ya safari iwe ya kuanzia yuro 30,000. Ombi unaweza kupeleka kuanzia miezi sita kabla na si chini ya siku 15, lakini usingoje, miadi Nairobi huwa inajaa. Weka na karatasi za pensheni yako na za nyumba, waone una cha kukurudisha.

Na dipoziti, binti asome masharti. Kwa kuwa kampuni ni ya Ireland, safari ya paketi inalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2015. Viza ikigoma, nafasi yako inaweza kupewa mtu mwingine mkiwaarifu siku saba kabla, mnalipa gharama ya kubadilisha tu. Wao wakikosa watu wa kutosha wakafuta, kwa safari ya zaidi ya siku sita lazima waseme siku 20 kabla na warudishe pesa yote.

Kitu kimoja zaidi, hiki ni zawadi yangu kwako kama mwalimu wa Kiswahili. Chukua daftari dogo. Ukipita madukani Lisbon utasoma lenço, ni leso. Mesa, meza. Bandeira, bendera. Vinho, mvinyo. Caixa, kasha. Na siku utakayosimama mbele ya kanisa lolote lile soma kibao, igreja, ukumbuke gereza letu limetoka hapo, na ukumbuke Ngomeni ilivyofanywa gereza na Waingereza mpaka 1958. Halafu sikiliza wazee wao wakizungumza, kuna neno watalisema ukageuka ukidhani umeitwa na mtu wa kwetu, "oxalá", wanatamka oshala. Ni inshallah, imebaki midomoni mwao tangu enzi za Waislamu, kabla mji haujatekwa 1147.

Viatu nunua mwezi huu huu, vya soli ya mpira isiyoteleza, uanze kuvivaa kwenda Markiti na kurudi mpaka vikukae. Na lile jina la Kilwa liko upande wa chini kabisa, itabidi uiname, kwa hiyo siku hiyo funga goti bandeji tangu asubuhi.